Hewa ya Kawaida

Jumatatu, 30 Juni. Newala

Nimepima. Vipande vyote sita viko palepale, namba za leo ndizo za jana. Nimeipiga picha mita na kumtumia Profesa. Hatajibu. Profesa hajibu habari njema.

Baridi kali. Ukungu umekaa juu ya paa la jikoni, haujui kwao. Mama ameamka vizuri ila nyonga inamuuma akigeuka. Anayemwogesha ni wifi yangu, Mama Tumaini. Mimi nashika beseni. Wifi anajua kumgeuza Mama bila kumliza, mimi sijui. Na eti mimi ndiye niliyekuja kumsaidia Wifi!

Chumba nilichopewa ni kile cha uani, kilichokuwa stoo. Leo nimekipanga. Mfuko wa Kaka Festo wa salfa ya kupulizia mikorosho nimeusukuma uvunguni ili begi lipate pa kukaa. Boksi la vipande liko mezani karibu na dirisha. Ukutani, juu ya meza, umetundikwa msalaba wa Mama wa kipaimara, wa fedha tupu, aliopewa kwenye misheni ya Lulindi akiwa msichana.

Niandike wazi nisije nikajidanganya baadaye. Vipande hivi sita vya sumaku ndivyo tiketi yangu. Mwenzangu Gerard anavyo sita Dar, vimekatwa kwenye fuwele ileile. Profesa kasema tuviweke kwenye hewa ya kawaida mpaka mwisho wa Julai, tupime ukinzani wake kila siku. Ambaye vyake vitadumu ndiye atakayekwenda navyo Ulaya, kwenye maabara ya baridi kali, kuijaribu injini ya sumaku ninayoipigia hesabu. Nafasi ni moja. Naitaka. Sina haja ya kuipamba.

Jumatano, 2 Julai

Sawa zote.

Kaka kaniuliza mbele ya majirani, hiyo injini yangu inabeba nini. Nikaeleza. Kwamba sumaku hii ni matabaka, kama kurasa za daftari, na ukurasa mmoja una unene wa atomi chache tu. Kila ukurasa ni sumaku peke yake. Zinaweza kuelekea upande mmoja, au zikapeana mgongo kama mke na mume waliogombana. Unazipa joto, unabadilisha uga wa sumaku, unazipoza, unaurudisha uga ulivyokuwa. Hatua nne, kama pikipiki. Ila humu hakuna pistoni. Kinachopanuka na kusinyaa ni zile ngazi za nishati ndani ya atomi, na katika kupanuka na kusinyaa huko unapata kazi kidogo.

"Kidogo kiasi gani?"

Nikasema haiwezi kuinua punje ya ufuta.

Walicheka mpaka Mama akaita kutoka ndani kuuliza kuna nini. Wifi ndiye aliyecheka kupita wote. "Wifi yangu weee! Mashine ya mume wangu inapuliza mkorosho mpaka kileleni, na mwenyewe darasa la saba hakulimaliza!"

Ni utani wa mawifi, nami nilicheka. Baadaye nikaudhika. Hasa aliponiuliza, watu wameshaondoka, vidude vile vinauzwa bei gani. Kwa nini aulize bei?

Ijumaa, 4 Julai

Sawa zote. Cha tatu kimesogea kidogo sana, labda betri ya mita.

Nesi amekuja kumwangalia Mama. Ni mgeni, mtu wa Kagera, hana hata mwezi hapa. Ameingia tu akakunja pua. "Mnaishije na harufu hii?" Harufu gani? Tukatazamana mimi, Mama na Wifi. Mama kaona aibu, akadhani ni yeye, akaomba abadilishiwe shuka. Nesi ana maneno makali kwa mgonjwa. Sikumpenda.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Kaka hana Sabasaba, alfajiri kaenda kupulizia mikorosho. Anawahi kabla ya upepo, umande ukiwa bado kwenye majani, unga ushike. Ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, mwaka huu umeanza mapema.

Nimeshinda na hesabu. Injini yangu, kwenye kompyuta, inatoa ufanisi uliopita kikomo. Saa nzima nilikuwa malkia. Kisha nikaingiwa na wasiwasi, na wasiwasi ndio kazi yangu. Joto halina mpendwa. Hakuna injini, ya chuma wala ya atomi, inayotoa zaidi ya sheria ya joto inavyoruhusu. Ukiona imetoa, ujue kuna mlango umeuacha wazi.

Nimeupata jioni. Matabaka yanavutana. Ukiyageuza yatoke kupeana mgongo yaelekee upande mmoja, lazima ulipie mvuto huo. Mimi sikuulipia. Nilihesabu kila kilichomo ndani ya tabaka, nikasahau jirani yake. Nimeuingiza mvuto, ufanisi ukashuka chini ya kikomo kama mtu mwenye adabu. Nimeandika kwa wino mwekundu na kubandika mezani: ANGALIA ULICHOKIACHA NJE.

Cha tatu kimesogea tena. Na cha tano. Betri ni mpya.

Jumatano, 9 Julai

Kuna mtu anaingia chumbani kwangu.

Kifuniko cha boksi kina vumbi, na juu ya vumbi kuna alama za vidole. Vidole vitatu na kiganja. Si vyangu, nimelinganisha. Mtu amelisogeza boksi, akalirudisha upande upande.

Nikauliza wakati wa kula, kwa wote, kwa upole. Kaka alikuwa na ming'oko, vile viazi vya porini, mdomoni. Wifi akasema, bila kuniangalia, "Chumba kile nilikuwa nikiingia hata kabla hujaja."

Ebo! Jibu gani hilo?

Nimekumbuka kwamba stoo ile aliiomba yeye, awalaze watoto. Mama akasema isubiri, Rehema anakuja. Sasa nimeelewa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Boksi nimeliingiza kwenye begi, begi nimelisukuma uvunguni mpaka likagota kwenye mfuko wa Kaka. Huko hakuna mkono utakaofika kwa bahati mbaya. Nikitaka kupima nalivuta.

Jumamosi, 12 Julai

Vimepanda vyote. Vyote sita! Siku tatu tu tangu nivifiche. Ukinzani wa cha tano umekuwa zaidi ya mara mbili ya ulivyokuwa Juni.

Nimeviangalia kwa lenzi. Vipande vyenyewe sioni tatizo, vina ile ngozi nyembamba ya kinga tuliyovipaka. Ila pale nyaya zinapoingia, kwenye madoa ya gundi, rangi imefifia. Gundi ile ni unga wa fedha, hung'aa. Sasa ni kahawia. Maji? Wifi kavifuta kwa kitambaa kibichi? Au kapaka kitu?

Gerard ameandika: "Vipi vyako dada? Vyangu bado ni vitoto vizuri." Na kikatuni cha kucheka. Tangu lini Gerard ananijali? Na ni nani aliyefungasha maboksi yote mawili? Ni yeye. Aliniambia chagua, lakini lililokuwa karibu na mkono wangu aliliweka yeye.

Sijamjibu.

Jumapili, 13 Julai

Kanisani sikusikia hata neno moja. Wifi alibaki na Mama. Nyumba nzima ilikuwa yake asubuhi yote.

Nimefunga uzi mwekundu kwenye zipu ya begi. Fundo langu, la kushoto.

Jumatano, 16 Julai

Uzi haujaguswa. Fundo ni lilelile. Vipande vimepanda tena, vibaya kuliko juzi.

Mtu mwenye akili angesema basi hakuna aliyefungua. Nimekaa kitandani nikifikiri, na nililolipata ni hili: ameufungua, akaufunga upya. Anasuka mikeka yule. Fundo litamshinda?

Nimemtazama leo akisuka. Ana vidole vyepesi kuliko vyangu. Aliniona namtazama, akaacha kuimba.

Ijumaa, 18 Julai

Nimesema. Nilisema mbele ya Mama, kosa la kwanza, na Kaka akiwa shambani, kosa la pili. Lakini nilimkuta Wifi akitoka chumbani kwangu! Mapema, kumepambazuka tu, mimi nikitoka bafuni. Kopo mkononi, limefunikwa na kitenge. Nikamwambia afunue. Akakataa. Akasema hajafikia kukaguliwa na wifi yake kama mwizi wa sokoni.

Nikasema yote. Bei aliyouliza, vidole, stoo ya watoto, uzi. Nikasema anataka nirudi nilipotoka na mikono mitupu ili tulingane. Hilo la mwisho nilisikia linatoka na sikulizuia.

Mama akalia. Wifi hakulia. Alisema taratibu, "Mama yako nimemwogesha tangu Pasaka. Sijawahi kuuliza kwa nini si wewe."

Alikwenda jikoni akamaliza kupika. Akapakua. Akamlisha Mama. Kisha akafunga vitu vyake.

Jumamosi, 19 Julai

Ameondoka na watoto, kwao Lukuledi. Kaka alimsindikiza stendi. Aliporudi hakunisalimia. Si kawaida yake, Kaka ni mtu wa maneno mengi.

Nasikia moyo umetulia. Sasa vipande vitatulia. Tutaona.

Jumatatu, 21 Julai

Havijatulia.

Nimevipima asubuhi, nikavipima mchana, nikabadilisha mita kwa ya shule ya jirani. Vinapanda. Wifi yuko Lukuledi na vinapanda. Cha tano kimekufa, mita inaonyesha kama waya umekatika.

Mama nimemwogesha mimi. Nilimgeuza vibaya, akapiga kelele nikaziba masikio. Kweli niliziba masikio, binti mzima. Aliniambia shika hapa, chini ya goti, Mama Tumaini hushika hapa. Kila kitu Mama Tumaini. Maji yalipoa tukiwa katikati.

Chakula nilichopika hakuna aliyekimaliza. Kaka anakula kwa mama mdogo.

Jumanne, 22 Julai

Basi ni Gerard. Nimeipanga hoja kama mtihani. Vipande vilikuwa vizuri mwanzo, vikaanza kuoza vyenyewe, ndani ya begi lililofungwa, bila mkono wa mtu. Kwa hiyo vilikuja na ugonjwa. Aliyefungasha ni yeye. Anayefaidika ni yeye. Anayeuliza "vipi vyako" kila baada ya siku mbili ni yeye.

Nimemwandikia Profesa. Nimesema yote, kwa lugha nzuri, ya kisomi, yenye sumu. Nimetuma.

Nikajisikia mwepesi. Kisha nikajisikia mchafu. Nimekunywa uji baridi.

Jumatano, 23 Julai

Nitaandika yote kwa mpangilio.

Alfajiri Kaka aligonga mlango. Kwa sauti ya mtu anayezungumza na serikali akasema, "Naomba salfa yangu." Nikafungua. Akainama uvunguni, akalitupa begi langu pembeni, akavuta mfuko, akachota kwa kopo. Kopo lilelile. Akalifunika kwa kitenge, upepo usiupeperushe unga.

Nikamuuliza, huwa nani anachota? Akaniangalia kama mwendawazimu. "Mke wangu. Kila siku ya kupulizia. Ulidhani inajichota?"

Lo! Yule mwanamke alikuwa akifuata salfa ya mumewe. Kwenye chumba alichokuwa akiingia kabla sijaja, kama alivyosema, na boksi bila shaka alilisogeza apate pa kuweka kopo. Na alikataa kufunua kopo kwa sababu lilikuwa na salfa, hakuna kingine, na hakuona sababu ya kuapa mbele yangu kwa salfa.

Kaka aliondoka. Unga ulikuwa hewani, nikauona kwenye mwanga wa dirisha, unashuka polepole, wa manjano. Ukatua juu ya kompyuta, juu ya karatasi yangu ya wino mwekundu, juu ya boksi. Nikapangusa kifuniko kwa kidole. Vumbi lile la tarehe tisa. Niliviona vidole vya mtu, sikuliangalia vumbi lenyewe.

Nikainua macho. Msalaba wa Mama. Upande wa mbele mweusi tii. Nikautoa ukutani nikaugeuza. Nyuma, ulikolalia ukuta, unang'aa kama wa juzi.

Fedha na salfa. Hilo nilifundisha mwenyewe kidato cha pili, nikiwa mwalimu wa muda, kwa kijiko na yai! Fedha ikikutana na salfa hufanya ngozi nyeusi, na ngozi hiyo haipitishi umeme vizuri. Vipande havijaoza. Ni gundi iliyooza. Na mimi niliyekuwa na akili nyingi, nilipomwogopa Wifi nilivisogeza karibu zaidi na mfuko. Kutoka mezani mpaka uvunguni. Kutoka uvunguni mpaka vikagusana. Nikavifungia na uzi juu.

Na yule nesi alisema harufu. Nimezaliwa kwenye salfa. Nimeoga nayo, nimelala nayo, nimevaa sare ya shule iliyoanikwa chini ya mikorosho inayopuliziwa. Nilikuwa nimeinama mdomoni mwa mfuko, nisisikie kitu.

Gerard hana kosa. Barua imeshasomwa.

Alhamisi, 24 Julai

Nimehamishia kila kitu sebuleni. Nimekwangua gundi kwa wembe, nikishika pumzi. Chini yake kuna pedi za dhahabu, na dhahabu haina ugomvi na salfa. Nimegusisha sindano za mita moja kwa moja. Kipande cha kwanza: namba ya Juni. Cha pili: namba ya Juni. Vyote mpaka cha tano, kile maiti. Vyote sita ni vizima! Matabaka yamekaa ndani ya ngozi yao ya kinga, salfa haikuyagusa.

Nilitamani kumwita mtu aone. Hakukuwa na mtu. Mama nilimwonyesha, akasema "Vizuri mwanangu," akageuka ukutani.

Nimemwandikia Profesa mara ya pili. Kweli tupu. Salfa, gundi, begi. Na kwamba yale niliyosema kuhusu Gerard nayafuta.

Ijumaa, 25 Julai

Profesa amejibu. Mistari minne. Matokeo ya vipande yanavutia, niyaandike vizuri. Lakini mfululizo wa vipimo umekatika, na hewa yenye salfa si hewa ya kawaida. Atakwenda Gerard. Kuhusu ile barua ya kwanza tutazungumza nikirudi.

Nikamjibu: kwetu hii ndiyo hewa ya kawaida. Nikatuma kabla sijafikiri. Hajajibu, na safari hii si kwa sababu ni habari njema.

Nimelia. Nina hasira na kila mtu, na mimi ndiye wa kwanza kwenye foleni. Miaka mitatu ya hesabu. Nilikuwa nimeshaota hata koti nitakalovaa.

Baadaye Gerard: "Pole sana dada, nimeambiwa." Ameambiwa lipi? La salfa, au la kwamba nilimwita mhujumu? Nimesoma maneno yake manne mpaka yakakosa maana. Mtu huyu ama hajui kitu ama ni muungwana kupita kiasi. Sitajua.

Jumapili, 27 Julai

Mama kaniita. Hakuwa na maneno mengi. "Mimi nataka kuogeshwa na mwenye mikono. Nenda kamlete. Usimtume Festo, Festo hakumtukana."

Jumanne, 29 Julai. Lukuledi

Nimeshuka hadi Masasi kwa basi la asubuhi, nikanunua doti ya khanga na sukari, nikapanda gari la huku. Njia nzima nilitunga hotuba.

Mama yake alikuwa uani akianika mihogo. "Shikamoo mama." "Marahaba." Akaendelea kuanika. Wifi alitoka, akaniona, akarudi ndani. Nikaketi kwenye mkeka. Hakuna aliyenifukuza, hakuna aliyenikaribisha. Jua likasogea, nikasogea nalo. Mwisho nikashika kisu nikaanza kumenya mihogo, maana kukaa bure kulikuwa kunaniua.

Alipotoka tena hotuba yote ilipotea. Nilisema, "Ilikuwa salfa. Nilikuonea. Nisamehe, Mama Tumaini." Na nikamwambia nafasi imekwenda kwa mwingine, ili asidhani nimekuja nikiwa mshindi.

Alikichukua kile kisu mkononi mwangu. "Unamenya nene. Unatupa nusu ya muhogo."

Akamenya miwili, maganda membamba. Kisha: "Lile la kulingana. Hilo si la salfa."

Nikasema kweli, hilo si la salfa. Hilo lilikuwa langu.

Akaipokea khanga, akaikunjua, akaiangalia juani, akasema rangi mbaya. Ndipo nilipojua nimepata nusu ya msamaha. Nusu nyingine ina faini. Msimu huu uliobaki, kuchota salfa na kuibeba shambani alfajiri, ni kazi yangu. Yeye atalala mpaka jua litoke, kama msomi.

Mama yake akacheka kwa mara ya kwanza. Nimepewa pa kulala hapa leo. Kesho tunarudi wote.

Jumamosi, 2 Agosti. Newala

Faini imeanza. Baridi ya alfajiri Newala haina huruma. Nachota, nabeba, najaza mashine, Kaka anaivaa mgongoni, inanguruma, wingu la manjano linapanda kwenye mikorosho. Macho yanawasha. Tangu ile Jumatano naisikia harufu kila mahali, kwenye mto, kwenye ugali, kwenye nywele za watoto. Inanichoma pua kana kwamba nami ni mtu wa Kagera. Nimekula nusu sahani.

Kaka kaniambia mashine yake ina hatua mbili tu, na inafanya kazi kuliko ya hatua nne isiyoinua ufuta. Ameanza tena maneno mengi. Nimefurahi hata kuchekwa.

Stoo nimewaachia watoto. Mfuko wa salfa umehamia kwenye kibanda cha kuku. Nalala chini, chumbani kwa Mama.

Jumanne, 5 Agosti

Wifi ananifundisha kumgeuza Mama. Mkono mmoja chini ya goti, mwingine mgongoni, unamsubiri avute pumzi. Leo Mama hakupiga kelele. Alisema tu, "Mikono yako baridi."

Msalaba nimeusugua kwa jivu mpaka ukarudi. Mama akasema nisihangaike, utakuwa mweusi tena mpaka msimu wa kupulizia uishe, ndivyo ulivyo kila mwaka. Kila mwaka! Na umening'inia juu ya kichwa changu wiki tatu nzima.

Mchana naandika yale matokeo. Yanakwenda vizuri, na hilo linaniuma zaidi.

Jumamosi, 9 Agosti

Gerard amepanda ndege jana. Ametuma picha akiwa uwanjani, boksi kalipakata kama mtoto. Nimemjibu safari njema. Nilikaa na simu kidogo, kisha nikaiweka chini.

Asubuhi tumemaliza mikorosho ya upande wa bonde. Nilirudi wa manjano mwili mzima, mpaka kope. Wifi alikuwa mlangoni amejifunga ile khanga ya rangi mbaya. Akaniziba njia.

"Hapo hapo. Unanuka salfa, huingii kwa Mama hivyo."

Nikainua mkono nikajinusa. Nikanusa na gauni. Nikavuta hewa tena, kwa nguvu.

Sikusikia kitu.

Wifi akanichotea maji.